Kuhamisha maktaba yako ya muziki kwenda diski nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi si fundi wa kusomea. Nina nyimbo 14,300 na ushei, jumla gigabaiti 187: taarab ya Unguja na Mombasa, dansi la zamani, zilipendwa za Kikongo, bongo fleva ya enzi za sekondari. Nimezihamisha kutoka diski moja kwenda nyingine mara nne katika maisha yangu. Mara ya pili niliharibu, nami nitaeleza nilivyoharibu. Tangu hapo ndugu na marafiki hunipigia kila laptopu zao zinapojaa, na maswali yao ni yaleyale. Nimeyaandika hapa.

Nimehamisha folda nzima kwenda kwenye eksteno (diski ya nje), nyimbo naziona zipo. Mbona nikifungua programu kila wimbo una alama ya mshangao?

Kwa sababu umehama nyumba bila kumwambia muuza maziwa. Yeye bado anabisha hodi kule kwa zamani.

Hili ndilo swali mama, basi nalijibu kwa urefu. Maktaba ya muziki kwenye kompyuta ni vitu viwili. Kuna nyimbo zenyewe, yaani mafaili ya MP3, M4A au FLAC yaliyolala kwenye folda. Halafu kuna daftari, faili moja ambalo programu huliandika yenyewe kimyakimya: wimbo fulani unakaa wapi, uliingizwa lini, umepigwa mara ngapi, umeupa nyota ngapi, uko kwenye orodha zipi. Kwenye iTunes ya Windows daftari hilo linaitwa iTunes Library.itl. Kwenye Mac, ambako iTunes ilivunjwa mwaka 2019 na nafasi yake kuchukuliwa na programu ya Music, linaitwa Music Library.musiclibrary. MusicBee nayo ina lake, MusicBeeLibrary.mbl.

Ndani ya daftari anwani ya wimbo imeandikwa kwa ukamilifu wake, kwa mfano:

C:\Users\Salma\Music\Taarab\Culture\04.mp3

Ukiupeleka wimbo huo kwenye diski E, daftari linaendelea kusema C. Programu inakwenda C, haimkuti mtu, inaweka alama ya mshangao.

Jina la mwimbaji, jina la wimbo na mwaka kwa kawaida viko ndani ya faili lenyewe, vinaitwa tagi, na husafiri na wimbo popote uendapo. Vinavyobaki nyuma ni vile vya kwenye daftari. Ndiyo maana watu wengi hukata tamaa, wakafuta kila kitu kwenye programu na kuingiza nyimbo upya. Nyimbo zinarudi, ni kweli. Ila tarehe zote zinakuwa za leo, hesabu zote zinarudi sifuri, na ile orodha uliyoipanga wiki nzima kwa ajili ya harusi ya dada yako imeyeyuka. Kama bado hujafanya hivyo, usifanye. Rudisha folda ilipokuwa, alama za mshangao zitaondoka, kisha endelea kusoma.

Nikate na kubandika, au ninakili?

Nakili. Ctrl+C, wala usiguse Ctrl+X.

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilikuwa na eksteno ile kubwa ya inchi 3.5, ambayo inahitaji adapta yake ya ukutani. Nikakata folda yote, nikabandika, nikaenda kulala. Usiku umeme ukakatika. Laptopu ina betri, haikustuka. Diski haina betri, ikazimika katikati ya kuandika. Asubuhi nikakuta baadhi ya nyimbo ziko C, baadhi ziko kwenye eksteno, na albamu moja ya taarab niliyopewa na shangazi haiko huku wala kule: majina ya mafaili yapo, ukubwa sifuri. Kama ningenakili, ningefuta ile kazi nusu, nikaanza upya baada ya chai, basi.

Funzo la pembeni: kama unaishi mahali ambapo umeme hauna ahadi, nunua diski ndogo ya inchi 2.5 au SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hizo zinakula umeme wa laptopu kupitia kebo ya USB, kwa hiyo betri ya laptopu inazibeba zote mbili.

Nahitaji diski ya ukubwa gani?

Piga hesabu. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti moja kwa dakika. Ya kilobiti 320 inakula 2.4. CD isiyobanwa inakula kama 10 kwa dakika, na FLAC, iliyobanwa bila kupoteza sauti, huwa kati ya nusu na theluthi mbili ya hiyo, kutegemea muziki. Sisi wa taarab tuna mzigo wetu wa ziada: wimbo mmoja dakika kumi na tano, kwa kilobiti 320 hiyo ni megabaiti 36, wakati wimbo wa dakika tatu na nusu ni 8 tu.

Ukishajua ukubwa wa ulichonacho, nunua mara tatu yake. Wala usigombane na muuzaji ukiona diski ya terabaiti 1 inasomeka 931 kwenye Windows. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Nimeona flashi ya terabaiti 2 kwa bei ya kuku wawili. Nichukue?

Hapo sasa ndipo unapoibiwa. Flashi hizo zipo kila mji. Ndani kuna chipu ya gigabaiti 16 au 32 iliyofundishwa kudanganya. Ukiingiza nyimbo zinapokelewa vizuri kabisa, majina yote yanaonekana, folda zote zipo. Ila baada ya chipu kujaa, kila kinachoandikwa kinakwenda hewani au kinafuta kilichotangulia. Utagundua miezi miwili baadaye, ukiwa umeshafuta zile za kwenye laptopu.

Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw. Inaijaza flashi yote kwa data yake, kisha inaisoma tena na kukuambia ukweli. Kwenye Linux na Mac kuna F3, kazi ni ileile. Inachukua muda, pengine usiku kucha kwa diski kubwa, lakini mimi siweki wimbo hata mmoja kwenye diski mpya kabla ya kupima. Na nikinunua dukani nataka risiti.

Diski niifomati vipi: FAT32, NTFS au exFAT?

Hizo ni namna tatu za kupanga diski ili iweze kuandikwa. Kama utatumia Windows peke yake, NTFS. Kama diski itazunguka kati ya Windows na Mac, exFAT, kwa sababu Mac inaisoma NTFS lakini haiandiki juu yake bila kuongezewa programu. FAT32 iachie flashi ya gari. Haikubali faili linalofika gigabaiti 4.

Kasoro ya exFAT ni kwamba haiweki kumbukumbu ya mabadiliko kama NTFS, kwa hiyo ukiichomoa ghafla inaweza kuvurugika. Bonyeza kwanza ile alama ya kuondoa diski kwa usalama chini kulia. Najua hakuna anayefanya hivyo. Fanya.

Na ukumbuke: kufomati kunafuta kila kilichomo. Fomati diski mpya ikiwa tupu, si baada ya kuweka nyimbo.

Itachukua muda gani?

Inategemea tundu na kebo kuliko unavyodhani. Mzigo wangu wa gigabaiti 187 kwenye USB 2.0, inayotoa kama megabaiti 35 kwa sekunde, ni saa moja na nusu. Kwenye USB 3.0 na diski ya kuzunguka, inayotoa kama 100, ni nusu saa na dakika kadhaa. Mafaili madogomadogo mengi hupunguza mwendo. Tundu la USB 3.0 mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani, japo si kila mtengenezaji anafuata.

Jana diski ilikuwa E, leo ni F, na nyimbo zote zimepotea tena. Kulikoni?

Windows huipa diski ya nje herufi yoyote iliyo wazi. Ukichomeka flashi kwanza, flashi inachukua E na eksteno inasukumwa F. Daftari limeandika E, na tumerudi kwa muuza maziwa.

Dawa ni kuipa diski herufi ya kudumu, tena ya mbali ambako flashi hazifiki. Mimi hutumia M. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, ingiza. Utaona diski zote zimechorwa kama vibaraza. Bofya kitufe cha kulia juu ya eksteno yako, chagua "Change Drive Letter and Paths", kisha "Change", chagua M. Windows kwenye kompyuta hiyo itaikumbuka. Fanya hivi kabla ya kuhamisha chochote.

Natumia iTunes kwenye Windows. Nipe hatua.

Kwanza, hakikisha nyimbo zote ziko chini ya paa moja. Wengi wana nyingine Desktop, nyingine Downloads, nyingine kwenye folda ya "Mziki mpya 2". iTunes ina namna ya kuzikusanya:

Nenda Edit, Preferences, Advanced. Juu kabisa utaona mahali pa folda ya nyimbo. Bofya "Change", chagua folda uliyoitengeneza kwenye diski mpya, tuseme M:\iTunes\iTunes Media. Funga kwa OK. Kisha nenda File, Library, Organize Library, weka tiki kwenye "Consolidate files", OK. Sasa iTunes inanakili kila wimbo kwenda M na kubadilisha anwani kwenye daftari moja kwa moja. Zile za zamani haizifuti, zinabaki C. Hapo ndipo ninapoipenda.

Lakini angalia: daftari lenyewe bado liko C. Hiyo inatosha kama ulitaka kupunguza mzigo tu. Kama unataka diski ya nje ibebe kila kitu, uweze kuichomeka kwenye kompyuta nyingine na ukute orodha zako, funga iTunes, kisha nakili yaliyobaki kwenye folda ya iTunes (lile faili la .itl, folda ya Album Artwork na mengineyo) uyaweke M:\iTunes, jirani na folda ya iTunes Media. Halafu shikilia Shift huku ukifungua iTunes. Itakuuliza ufungue maktaba ipi. Mwonyeshe ile ya M. Kwenye Mac unashikilia Option badala ya Shift, na mipangilio iko kwenye Settings, sehemu ya Files.

Jambo moja la kuogopa. Ukifungua iTunes siku ambayo eksteno haijachomekwa, nyimbo mpya utakazoingiza siku hiyo zinaweza kwenda kulala C bila kukuambia. Chomeka kwanza, fungua baadaye.

Waliokwisha kuweka Apple Music mpya ya Windows, iliyotoka rasmi mwaka 2024, wajue kwamba muziki unasimamiwa na programu hiyo na iTunes inabaki na podikasti na vitabu vya kusikiliza. Wazo la folda na daftari ni lilelile, vitufe tu vimehama.

Mimi situmii iTunes. Nina programu nyingine, na haina kitufe cha kuhamisha.

Basi idanganye.

Kama nyimbo zilikuwa D na zinakwenda kwenye diski mpya, nakili kila kitu kwa mpangilio uleule wa folda, kisha kwenye diskmgmt.msc mnyang'anye diski wa zamani herufi D umpe herufi nyingine, na D umpe mpya. Programu ikiamka inakuta D ipo, folda zipo, nyimbo zipo. Haitajua kuwa kuna mtu amehama.

Kama zilikuwa C hiyo haiwezekani, C ni ya Windows. Hapo unaweka mlango wa kupitia. Nakili folda kwenda M, badilisha jina la ile ya C iwe Taarab_zamani, kisha fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri) uandike:

mklink /J "C:\Users\Salma\Music\Taarab" "M:\Muziki\Taarab"

Kuanzia hapo ukifungua folda ya Taarab kwenye C unatokea M. Jina la zamani lazima liwe wazi kabla ya kuandika amri, ndiyo maana tulibadilisha jina. Nimemfanyia hivi mjomba wangu miaka mitatu iliyopita, na hadi leo anaamini nyimbo zake ziko kwenye laptopu. Akisahau kuchomeka diski hunipigia simu kusema kompyuta imekula taarab.

Orodha zangu ni za M3U. Zitapona?

Zifungue kwa Notepad uone. M3U ni maandishi matupu, mstari mmoja wimbo mmoja. Ukikuta mistari inaanza na C:\Users\... basi hazitapona zenyewe, lakini dawa ni ya dakika moja: Ctrl+H, juu andika C:\Users\Salma\Music, chini andika M:\Muziki, badilisha zote, hifadhi. Tunza nakala ya orodha ya awali kwanza.

Ukikuta mistari inaanza na jina la folda tu, au nukta mbili, kama ..\Taarab\04.mp3, una bahati. Hizo ni anwani fupi: zinafuata mahali orodha yenyewe ilipo, na zitafanya kazi mradi orodha na folda vihame pamoja bila kutengana.

Nitajuaje kwamba zote zimefika?

Njia ya haraka: bofya kulia folda ya zamani, Properties, soma idadi ya mafaili na ukubwa kwa baiti. Fanya hivyo kwa mpya. Zikilingana hadi tarakimu ya mwisho, uko karibu sana na ukweli.

Njia ninayoiamini zaidi ni Robocopy, ambayo imo ndani ya Windows tangu Vista. Fungua Command Prompt:

robocopy "C:\Users\Salma\Music" "M:\Muziki" /E /COPY:DAT /DCOPY:T /R:2 /W:5 /FFT

Inanakili folda zote hadi za ndani kabisa, inalinda tarehe, na ikikwama kwenye faili inajaribu mara mbili halafu inasonga mbele badala ya kusimamisha msafara mzima. /FFT inaiambia isibishane juu ya tofauti ya sekunde moja au mbili za saa. Mwisho inachora jedwali. Safu ya kuangalia ni FAILED: ikiwa si sifuri, panda juu usome ni faili gani limegoma. Kisha endesha amri ileile mara ya pili. Safari hii safu ya Copied kwenye mstari wa Files iwe sifuri na Skipped iwe sawa na Total. Umeme ukikatika katikati, endesha tena vilevile. Inaendelea na yaliyobaki.

Usije ukaongeza /MIR kwa kuona mtu ameiandika mahali. Hiyo hufuta kwenye diski mpya chochote ambacho hakipo kwenye ya zamani. Ukikosea ukazigeuza folda mbili hizo, umefuta maktaba kwa mkono wako.

Yanayogoma mara nyingi ni majina. Windows haikubali alama ya kuuliza, nukta pacha, nyota wala mkwaju kwenye jina la faili, kwa hiyo wimbo uliotoka Linux au Mac ukiitwa kwa swali utakataliwa mpaka uondoe alama. Kuna pia anwani ndefu kupita herufi 260, ugonjwa wa folda ndani ya folda ndani ya folda. Hapa Robocopy huwa anapita, Explorer (dirisha la kawaida la folda) hukwama.

Nimefungua flashi niliyoipeleka kuchapisha karatasi, folda zote zimekuwa njia za mkato na nyimbo hazifunguki!

Nyimbo zako hazijafutwa, zimefichwa na kirusi. Usibofye hizo njia za mkato, ndivyo kinavyosambaa. Chunguza flashi kwa kinga ya virusi ya Windows, kisha kwenye Command Prompt, kama flashi ni F:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Folda zitajitokeza. Nakili nyimbo tu, mafaili ya muziki pekee, kisha fomati flashi. Na diski ya maktaba isiende kuchapisha karatasi.

Nyimbo nilizopakua kwenye Boomplay, Spotify au Apple Music nazo zinahamishika?

Hapana. Zile zimefungwa kwa kufuli na zinafunguka ndani ya programu yao tu, ukiwa mteja. Kunakili folda yake kwenda diski nyingine ni kubeba sanduku bila ufunguo. Ulizonunua kwenye duka la iTunes ni jambo jingine: tangu 2009 nyimbo huuzwa bila kufuli. MP3 ulizopakua Mdundo ni mafaili ya kawaida, zinahama kama nyingine.

Nyimbo nyingi nimetumiwa WhatsApp na majina yake ni AUD-20190412-WA0007. Nifanyeje?

Kwanza zitafute zilipo: kwenye simu za Android za sasa ziko Android, media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Audio. Zinakili zote kwenye folda moja ya kompyuta, iite Bado, na uzishughulikie polepole kwa Mp3tag, ambayo kwenye Windows ni ya bure. Usizichanganye na maktaba kabla hujazipa majina. Nyingi zitakuwa ni mawaidha, sauti za kikundi cha harusi na wimbo mmoja uliotumwa na watu kumi na moja.

Kila kitu kinapiga, lakini bendi moja inaonekana mara nne kwenye programu. Nimekosea wapi?

Hujakosea, ni historia. Chukua Msondo Ngoma. Walianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikabadilika: JUWATA Jazz, halafu OTTU Jazz, na sasa Msondo Ngoma. Kwa msikilizaji ni mto mmoja. Kwa programu ni bendi nne. Mlimani Park nao utawakuta kama DDC Mlimani Park, Mlimani Park Orchestra na Sikinde, kutegemea nani aliyerekodi kaseti.

Rai yangu: usifute majina ya zamani. Kwenye tagi ya Artist acha jina la bendi lilivyokuwa siku ya kurekodi, maana hilo linakuambia wimbo ni wa kipindi gani. Kwenye tagi ya Album Artist andika jina moja kwa zote, Msondo Ngoma, na programu itazikusanya. Kwa Mbaraka Mwinshehe ni kinyume, mtu mmoja bendi mbili, Morogoro Jazz na Super Volcano. Yeye namweka kwenye Album Artist, bendi inakaa Artist. Kuna watu wanapinga mpangilio huu kwa nguvu zote. Wana haki, mradi wachague mmoja wasibadilishe kila mwezi.

Tena kagua king'ong'o. Neno kama "Ng'ombe" likiandikwa na alama iliyonyooka mahali pamoja na iliyopinda mahali pengine, programu inaona majina mawili. Mimi nilikuwa nayo hivyo kwa miaka nisijue kwa nini albamu imekatika vipande.

Kazi hii ya tagi ifanye baada ya kuhama na kuhakiki, si kabla wala katikati. Kubadilisha tagi kunabadilisha faili, na ukilinganisha zamani na mpya hazitafanana. Kama programu yako ina tiki ya kupanga folda yenyewe, kwenye iTunes ni "Keep iTunes Media folder organized", itoe wakati wa kuhama. La sivyo ukigusa jina moja, faili linahama folda.

Flashi ya gari inaonyesha kila wimbo mara mbili, na mmoja haupigi.

Umeinakilia kwenye Mac. Mac huacha kifaili kidogo kinachoanza na nukta na mstari wa chini kando ya kila wimbo, na redio ya gari haijui tofauti. Kwenye Terminal andika dot_clean -m ukifuatisha na njia ya flashi, kama /Volumes/GARI. Redio nyingi pia zinasoma FAT32 pekee, na folda zilizo juujuu tu.

Nifute lini nyimbo za zamani kwenye C?

Si leo. Badilisha jina la folda ya zamani, mwite Music_zamani, uishi hivyo wiki mbili. Kubadilisha jina ni muhimu, kwa sababu programu nyingine ni janja: zikikosa wimbo mahali papya zinachukua ule wa zamani bila kusema, na wewe unadhani umehama kumbe bado unakula kwa mama. Ikipita wiki mbili hujaona alama ya mshangao, na una nakala ya pili mahali pengine, futa.

Nakala ya pili ya nini, si nimeshahamisha?

Umehamisha, kwa hiyo bado unayo moja. Diski ya kuzunguka ikianguka kutoka mezani ikiwa inafanya kazi, mara nyingi ndiyo basi. SSD haiogopi kuanguka, lakini si ya kuhifadhi kabatini miaka bila kupewa umeme. Mimi nina mbili za kuzunguka: moja mezani, moja kwa dada yangu mtaa wa pili, ndani ya kopo la biskuti na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, maana hewa yetu ya pwani inakula chuma. Kila mwezi wa kwanza na wa saba naichukua, naendesha Robocopy, nairudisha. Programu ya CrystalDiskInfo hunionyesha afya yake. Ikigeuka njano nanunua nyingine wiki hiyohiyo.

Kaka yangu yuko Muscat anataka maktaba yote ya marehemu baba. Nimtumie kwa intaneti?

Kwa mwendo wa kupakia wa megabiti 5 kwa sekunde, mzigo kama wangu ni saa 83, yaani siku tatu na nusu bila kukatika hata dakika moja. Nunua diski ndogo, ifomati exFAT, endesha Robocopy, hakiki, mpe mtu anayesafiri. Weka ndani na daftari la programu, si nyimbo tu, pamoja na orodha zote za M3U zenye anwani fupi. Mwambie aipe herufi M kabla ya kufungua chochote. Wala usifute ya kwako mpaka akupigie kusema imefika na inapiga.